Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wa Goma: namba za ugonjwa zishuke mpaka mitaani

Kwa wakubwa wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, madaktari wakuu wa zoni za afya za Goma, Karisimbi na Nyiragongo, ofisi ya meya, na kila mwenye sauti juu ya magonjwa katika mji huu.

Waheshimiwa,

Sitaji jina la mtu, kwa sababu hapa kwetu viti hudumu kuliko wanaovikalia. Tangu kesi ya kwanza ya korona itangazwe Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, mji huu umepita mikononi mwa wakubwa wa kila namna, na barua ambayo ningemwandikia mtu ingeondoka naye. Hii naiandikia meza. Atakayeikuta imemfikia, ni yake.

Mimi ni reko. Ninyi mnajua kazi hiyo, lakini atakayeisoma barua hii akiwa mbali huenda hajui: reko ni jirani aliyepewa fulana na daftari, azunguke nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaharisha, nani ana homa, mtoto yupi hajachanjwa, nani amefariki bila kufikishwa kituo cha afya. Mshahara hatuna. Kuna posho siku za kampeni, ikifika. (Habari ya posho inahitaji barua yake, na itakuwa ndefu kuliko hii.) Ninachotaka kusema leo ni kwamba ninaijua njia ya namba, maana inaanzia mguuni kwangu.

Inakwenda hivi. Mimi ninampelekea muuguzi mkuu wa kituo. Yeye anajumlisha yangu na ya wenzangu na ya wagonjwa aliowaona mwenyewe, anaituma ofisi ya zoni. Zoni inaituma divisheni, divisheni Kinshasa. Kila wiki ya Mungu, hata wiki ambayo mabomu yanalia, namba inapanda. Kushuka haijui. Sijawahi kuona hesabu ya eneo langu la afya, yaani kipande cha zoni kinachohudumiwa na kituo kimoja, ikirudi mahali nilipoiokota, ikiwa na maana yake: tumeongezeka, tumepungua, fanyeni hivi.

Ombi langu ni hilo tu. Kila wiki, kila eneo la afya litangaziwe namba zake lenyewe, kwa Kiswahili, kwenye ubao mahali ambapo mtu wa hapo anapita.

Kumbukeni jioni za mwaka 2020 na 2021. Taarifa ilikuja kwenye redio na kwenye simu: kesi mpya, kisha majina ya majimbo, na sisi tukiwa neno moja, Nord-Kivu. Jimbo la zoni za afya 34. Ukitoka hapa kwenda Beni ni safari ya siku nzima, barabara ikiwa nzuri na watu wenye bunduki wakiwa wamelala. Kesi hizo zilikuwa za Butembo? Za Himbi, hapa Goma? Za wasafiri waliopimwa kabla ya kupanda ndege? Mama mmoja muuza makala kule Majengo alikuwa akinisimamisha kila akisikia redio: "Mama Reko, ile namba ya leo ni ya huku kwetu ao ya Beni?" Nikamwambia sijui. Akafunga mfuko wake akasema, "Basi hata wao hawajui." Mimi nilijua kwamba wanajua. Ndiyo maana jibu lake liliniuma.

Zipo siku taarifa ilishuka hadi kutaja zoni, nakubali. Lakini zoni ya Karisimbi ni mamia ya maelfu ya watu, kutoka Bujovu kwenye mpaka wa Rwanda hadi Ndosho na Mugunga kwenye njia ya Sake. Kumwambia mtu wa Mugunga kwamba Karisimbi ina ugonjwa ni sawa na kumwambia kwamba ulimwengu una ugonjwa.

Na msiniambie kwamba kutaja mitaa haiwezekani, maana mlishaitaja. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka na nyufa zikionekana barabarani, mamlaka iliagiza mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, na ikaitaja mmoja mmoja: Majengo, Mabanga Kaskazini na Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe, Les Volcans. Mtu wa Katindo alijua kwamba yeye hakutajwa. Mtu wa Murara alijua kwamba anafunga godoro. Nani alilia kwamba wametunyanyapaa? Tulilia kwa mengine: msongamano wa barabara ya Sake, watoto waliopotezana na wazazi, maji. Tangazo lenyewe lilieleweka mara moja hata na mzee asiyejua kusoma, kwa sababu lilikuwa na anwani. Moto ukitoka ardhini mnatutajia mtaa. Virusi vikitoka kwa watu mnatutajia jimbo.

Tena haya ya anwani tulishayafanya kwa ugonjwa, na tukashinda. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Dunia ilitazama mji wa watu zaidi ya milioni moja, wenye uwanja wa ndege, ulioegemea mpaka, ikashika kichwa. Hapa chini kazi ilikuwa ya nyumba kwa nyumba. Dereva na abiria wenzake walitafutwa, chanjo ikawafuata waliomkaribia, wakafuatiliwa siku 21. Hakuna aliyeambukizwa naye hapa mjini. Mwisho wa mwezi uleule mchimba dhahabu aliyetoka Ituri akafariki. Mke wake na mtoto wao wakaugua, wakatibiwa, wakapona. Kesi nne, ikaishia hapo. Kule Beni, Butembo, Katwa na Mabalako haikuishia hapo: mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umehesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

Sisemi kwamba riposte, yaani kazi ya kuukabili mlipuko ule, ilikuwa ya malaika. Watu walisema Ebola ni biashara, na siku nyingine magari yale mapya yakipita yakituachia vumbi, nilikosa la kuwajibu. Butembo chuki ilifika mpaka kumwua daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, mtaalamu wa magonjwa ya milipuko, hospitalini akiwa kazini, Aprili 2019. Lakini tazameni tofauti. Wakati wa Ebola namba ilikuwa na mlango wa kugonga. Ilipokuja korona tulikuwa na ndoo za bomba kila kona, watu waliozoea kunawa na kupimwa joto kwenye paji la uso, mareko waliofundishwa, maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hapahapa mjini. Mwanzoni sampuli zilikuwa zikipelekwa Kinshasa, baadaye zikapimwa hapa. Vyombo tulikuwa navyo. Tulichokosa ni kuambiwa. Ndoo zikakauka moja baada ya nyingine, mimi nikiwa naziona, kwa sababu mtu hawezi kujaza ndoo kila asubuhi kwa ajili ya ugonjwa ambao haambiwi kama uko kwake.

Sasa nataka niseme juu ya namba zenyewe, maana kutangaza namba mbovu ni kupoteza karatasi. Kwa miaka yote ile nchi yetu ya watu karibu milioni 100 ilihesabu kesi za korona karibu 100,000 tu. Anayeamini kwamba hizo ndizo zilikuwa zote, ninamwomba aje tuzunguke naye nyumba. Zilikuwa kesi za waliopimwa, na kupimwa kulikuwa kwa mwenye safari, kwa aliyezidiwa mpaka akafika hospitali, kwa mfanyakazi wa shirika. Tuseme Himbi imepata kesi 20 na Mabanga kesi 20. Kwenye redio ni sare. Lakini kama Himbi walipimwa watu 400 na Mabanga 40, Himbi ni 5 kwa mia, na Mabanga ni nusu ya kila aliyepimwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zisilegeze masharti mpaka sehemu ya vipimo vinavyoonyesha ugonjwa iwe chini ya 5 kwa mia kwa siku 14. Kwa mfano wangu, Mabanga kunawaka na Himbi kuna moshi kidogo. Kwa hiyo namba ya kesi bila namba ya waliopimwa msitupatie kabisa. Itatudanganya.

Na ya tatu ni hesabu ya watu wenyewe. Kesi 10 kwenye eneo la watu 8,000 si sawa na kesi 10 kwenye watu 40,000. Hapo najua mtashika shavu, kwa sababu nani anajua Goma ina watu wangapi? Watu walikimbia vita wakajaza Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, wengine wakarudi kwao, wengine wakaingia kwenye vyumba vya jamaa zao hapa mjini. Hesabu zilizoandikwa kwenye makaratasi ya zoni ni za mji mwingine. Lakini sisi mareko tunahesabu nyumba kila kunapogawiwa vyandarua, kila kunapokuwa na kampeni ya polio. Daftari hizo zipo. Zitumieni kabla hazijaliwa na panya.

Pale ambapo vipimo havipo, na vitakosekana tena, zipo ishara nyingine ambazo kituo kinaziona bila mashine: watu wazima wangapi wiki hii wamekuja wakihema kwa shida, wangapi wametumwa hospitali kwa ajili ya oksijeni, matanga mangapi yamewekwa mtaani. Matanga hayafichiki Goma. Turubai linafungwa barabarani, viti vya plastiki vinatoka kwa jirani, wamotari wanabadilisha njia. Wiki yenye maturubai matatu kwenye avenyu ambayo kwa kawaida haina hata moja, reko anajua kabla ya maabara. Lakini kwenye fomu yangu ya wakati ule wa korona hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo, kwa hiyo lilibaki kwenye mdomo.

Nitoe mfano wa karibu sana, ng'ambo ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka cha watu wa miguu. Rwanda ilikuwa ikitangaza kesi kwa wilaya. Tarehe 17 Julai 2021, wimbi likiwa limepamba moto, walifunga Kigali na wilaya nane, Rubavu, jirani yetu wa mpakani, ikiwa mojawapo, wala hawakufunga nchi nzima namna ileile. Unaweza kuukubali uamuzi ule au kuukataa, na waliokuwa wakiishi kwa kuvuka na mboga na samaki wana yao ya kusema. Ila fikirini: mama wa Birere, upande wetu wa mpaka, alijua hali ya Rubavu kuliko hali ya Birere anakolala. Kabla ya korona mpaka ule ulikuwa unavukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja. Ugonjwa hauulizi karatasi, na sisi tulikuwa tunaangalia upande mmoja tu wa barabara.

Tusijidharau kupita kiasi, kosa hili si la Goma peke yake. Uingereza, Juni 2020, mji wa Leicester ulifungwa peke yake wakati kwingine kunafunguliwa. Viongozi wa mji walilalamika kwamba kwa muda walikuwa wakipewa matokeo ya vipimo vya hospitali tu, huku matokeo ya watu wa kawaida mitaani yakibaki juu serikalini. Nchi yenye fedha, maabara na intaneti kila nyumba, nako namba ilipanda ikasahau kushuka. Basi tatizo si umaskini tu.

Mnaogopa nini? Nimesikia mara nyingi, kwenye mikutano yenye fanta na kwenye isiyo nayo: "Tukitaja mtaa, watu watawatenga wa mtaa huo." Hofu hiyo ina haki yake. Walipopona wale wa Ebola, majirani wengine walikataa hata kuchota maji nao. Lakini sikuomba jina, wala nyumba, wala avenyu. Naomba eneo la afya zima, ambalo ni maelfu ya watu. Na msipotangaza ninyi, uvumi unatangaza. Wakati wa mpox, Agosti 2024, dharura ya kimataifa ilipotangazwa na kambi zetu zikawa na wagonjwa, kila mtu alikuwa na orodha yake kichwani: mtaa huu umejaa, ule ni salama, wakimbizi ndio wanaleta. Chanjo ikaanza kutolewa hapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024 na bado orodha za kichwani zilikuwa zikitembea. Sikuwa na karatasi yoyote yenye muhuri ya kuwaonyesha.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko ubao wenyewe. Namba ikishatangazwa, ifuatwe na kitu kinachojulikana mapema. Kwa kipindupindu tunajua: kesi ikitokea, timu inakwenda kwenye nyumba ile na za jirani, na kule ziwani, kwa vijana wenye klorini, zoezi linaongezeka. Mmewahi kusimama pale Kituku asubuhi? Kijana ameshika bomba la sindano, mama anapita na bidoni ya njano, dozi inaingia, bidoni inatikiswa, anayefuata. Hakuna mtu anayemuuliza kijana yule kwa mamlaka gani. Kazi yake inaonekana, na inahusu bidoni niliyoibeba mimi.

Kwa korona hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Tulipata amri za nchi nzima: msikusanyike, saa tatu usiku usionekane, kanisa lifungwe, lifunguliwe. Muuza ndizi wa Ndosho alikaa ndani kwa sababu ya kesi za Kinshasa, na kesi zilipofika Ndosho alikuwa amechoka, amekula mtaji wake, hatii tena. Tungetangaziwa mapema kwamba eneo likivuka kiwango fulani kwa wiki mbili, basi hapo, na hapo peke yake, matanga yatakuwa ya watu wachache, soko litapanuliwa mpaka barabarani ili watu waachane, shule zitafungua madirisha na kugawa zamu, kituo kitaongezewa vipimo na reko atazunguka mara mbili. Kikishuka, tunafungua, bila kungoja Kinshasa. Kiwango chenyewe wekeni ninyi wenye elimu hiyo. Sitajifanya mtaalamu. Ninachojua ni kwamba kiwango kinachowekwa baada ya ugonjwa kuingia watu hukiona ni adhabu.

Na anayeambiwa akae ndani, ale. Wakati wa Ebola waliokuwa wakifuatiliwa walipewa chakula, na ndiyo sababu moja wengi walikubali kuonekana kila siku wapimwe joto. Wakati wa korona niliwaambia watu wajitenge siku 14 nikiwa sina hata kilo moja ya unga ya kuwaachia. Mtu wa Goma anaishi kwa kile alichopata leo. Kumfungia siku 14 bila kitu ni kumwomba adanganye, na mimi ndiye ninayeandika uongo wake kwenye daftari, ambalo halafu linapanda Kinshasa likaitwa takwimu.

Najua korona haisumbui tena kama zamani. Dharura yake ya dunia ilifutwa tarehe 5 Mei 2023. Lakini kipindupindu hakijaondoka, surua inarudi, mpox bado tunaijua kwa sura. Ubao ninaouomba si wa korona. Ni wa chochote kitakachobisha hodi, na ni rahisi kuuanza sasa wakati mikono haitetemeki kuliko siku ambayo magari ya vumbi yatarudi.

Wala hauhitaji mradi. Ingieni kituo chochote cha afya cha mji huu, mtazame ukuta. Mtaona karatasi kubwa yenye mistari miwili iliyochorwa kwa mkono, na miezi imeandikwa chini: watoto waliotakiwa kuchanjwa, na watoto waliochanjwa. Muuguzi mkuu anaichora kila mwezi kwa rula na kalamu ya wino mzito, na wamama wanaongoja kwenye benchi wanaielewa vizuri. Wanaona mistari inapoachana na wanaulizana kwa nini. Kwa hiyo ukuta upo, mkono unaochora upo, macho yanayosoma yapo. Iongezwe karatasi ya pili: waliougua wiki hii, waliopimwa, waliofariki kituoni na nyumbani, na mstari wa wiki zilizopita. Nakala moja ikae sokoni, nyingine kwa chifu wa avenyu, na redio za hapa zisome maeneo yote kila Jumatatu kama zinavyosoma bei ya makala na ya dola. Atakayependa kuipiga picha aitume kwenye simu, aitume.

Nilimwomba muuguzi wetu aanze. Hakukataa kwa ubaya. Alinionyesha daftari lake, namba zote zimo, mwandiko safi, akaniambia: "Mama Reko, nikibandika hii bila ruhusa ya juu, kesho nitaitwa nijieleze." Ana watoto, simlaumu.

Kwa hiyo kinachohitajika kutoka mezani kwenu ni ukurasa mmoja, wenye saini na muhuri, unaosema kwamba muuguzi mkuu wa kituo anaruhusiwa, tena anatakiwa, kubandika hesabu za eneo lake kila wiki, na kwamba hatajieleza kwa yeyote kwa kufanya hivyo. Karatasi kubwa na kalamu tutachanga sisi. Nafasi tumeshaipima ukutani, upande wa kushoto wa mstari wa chanjo.

Kwa heshima,

Reko wa zoni ya afya ya Karisimbi, Goma